Mama Alitaka Kuona Bahari Tu

Mama yangu alizaliwa Kibwezi, karibu na reli. Utotoni alilala akisikia treni ya usiku ikipiga honi ikishika njia ya Mombasa, na mchana yeye na ndugu zake walihesabu mabehewa ya mizigo huku wakichunga mbuzi. Akaolewa, akaja Nairobi, akauza mboga sokoni miaka 26, akatusomesha mimi na dada yangu. Treni ile hakuipanda hata siku moja.

Mwaka 2024 alikuwa na miaka 71 na bado hajaiona bahari. Jioni moja tukiwa sebuleni kwangu Umoja, televisheni ikaonyesha meli ikiingia bandarini. Mama akaacha kuchambua mchele, akauliza, "Haya maji yana ng'ambo?" Usiku ule usingizi ulinipaa. Mimi nilikuwa nimekwenda Mombasa mara nne kwa semina za kazini, nikarudi na korosho na leso za kumpa, naye kila mara alizipokea kwa shukrani asiseme neno.

Nikaamua tutakwenda. Ila niliamua kwa uchungu, na mwenye uchungu hupanga mambo kwa pupa. Nilipoteza pesa, nikakosana na watu ninaowapenda, na nusura nimnyime mama kile kitu kimoja alichokitaka. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kuwapeleka wazazi, watoto na marafiki Pwani kwa safari moja, ili yaliyotupata yasimpate.

Mwanzoni tulikuwa wanne: mimi, wanangu wawili na mama. Mume wangu hakupata likizo. Dada yangu aliposikia akasema na yeye hawezi kubaki, akaja na mumewe na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka miwili. Halafu nikamwalika rafiki yangu wa tangu sekondari, anayemlea binti yake wa miaka 13 peke yake. Tukawa kumi. Nilifurahi kuona watu wanaongezeka. Hakuna aliyeniambia kwamba kila anayeongezeka huja na saa yake ya kuamka, chakula chake na mfuko wake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye huo mfuko. Nilikisia safari nzima itatugharimu shilingi 90,000. Dada na mumewe walisema watatoa 40,000, mimi nikasema 35,000. Rafiki yangu alipouliza yeye atoe ngapi, nilijua mwaka wake ulikuwa mgumu, nikamwambia, "Wewe usijali, leta utakachopata." Niliyasema kwa mapenzi, lakini maneno hayo yalikuja kutuunguza. Mtu mzima akiambiwa asijali hujali maradufu, na hao wengine nao hubaki wakihesabu kimoyomoyo.

Tulichagua treni, na sijutii. Tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa 1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu, wa chini ya hapo hakati tiketi. Binti wa rafiki yangu alihesabiwa kama mtu mzima, jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Kwenda na kurudi ikawa 22,500 kwa sisi sote. Desemba viti huisha upesi mno, kwa hiyo ukishajua tarehe zako nunua mara tu mauzo yanapofunguliwa. Tena chukueni treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vyote. Ya mchana hufika haraka zaidi, lakini mzee na watoto wataingia mji wasioujua gizani.

Jumamosi tarehe 14 Desemba tuliondoka Umoja saa kumi na moja alfajiri, na tulifanya vyema maana kituo cha Syokimau kina ukaguzi mrefu. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wakapita wakinusa, kisha mnaingia kwenye mashine. Mama alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mbao, kisu alichomenyea maembe tangu enzi za kibanda chake sokoni. Kilitolewa kwenye kikapu. Hakulalamika, alikishika mara moja tu kwa kidole gumba kisha akakiacha mezani. Ningemwambia jana yake kwamba visu haviruhusiwi, kingebaki salama jikoni. Bebeni vitambulisho halisi, na mwenye dawa za kumeza kila siku azitie kwenye mkoba wa mkononi. Dawa za presha za mama zilikuwa chini kabisa ya sanduku kubwa, na saa tatu asubuhi, wakati wake wa kumeza, ilitubidi tulishushe kutoka rafuni na kulipekua mbele ya behewa zima.

Kama saa nne hivi treni ilikaribia Kibwezi. Mama alikuwa ameketi dirishani, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Alianza kutaja vilima. Kisha akasimama, mtu wa magoti mabovu, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Reli ya zamani hupita karibu na hii mpya, na mibuyu imesimama pale pale ilipokuwa. Mwanangu mdogo akamuuliza bibi yake, "Susu, hapa ndipo kwenu?" Akajibu, "Hapa ndipo nilipokuwa nikisimama nikiwatazama waliomo ndani." Treni ikasimama kidogo, ikaondoka. Hakukaa mpaka tulipokaribia Mtito Andei.

Tsavo tuliona tembo wekundu kwa vumbi la udongo wake, watoto wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Saa nane mchana tukashuka Miritini, kituo cha Mombasa.

Sasa ya nyumba. Nilikuwa nimeipata mtandaoni, nyumba ya vyumba vinne Nyali, bwawa la kuogelea, bustani, bei nafuu kwa Desemba. Mwenye tangazo alizungumza vizuri, akaniita dada, akanitumia picha zaidi. Akasema kuna wageni wengine wanaitaka, nitume rubuni ya 15,000 leo hii. Nikatuma kwa simu. Mpaka asubuhi ya safari alikuwa bado anajibu. Tulipofika Miritini simu yake ilikuwa imezimwa.

Bado tulikwenda, na magari mawili, hadi kwenye lango ambalo picha zilionyesha. Mlinzi alitusikiliza kwa upole. Akatazama picha kwenye simu yangu, akatikisa kichwa. "Dada, nyumba ni hii kweli, lakini mwenyewe akaa humu na wanawe. Haikodishwi. Nanyi si wa kwanza kuja." Joto la Mombasa la saa tisa lilikuwa limetukalia vichwani. Mtoto wa miaka miwili analia, shemeji yangu ameingiza mikono mifukoni hasemi kitu, mama amekalia sanduku chini ya kivuli cha ukuta. Nilijaribu kuurudisha muamala. Aliyepokea alikuwa ameshatoa pesa zote. Nilihisi aibu iliyonishika hadi shingoni, kwa sababu wote walikuwa wameniamini mimi.

Nilivyojifunza kwa 15,000 ni hivi. Usitume rubuni kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani yake. Kila Mkenya ana mtu Mombasa: mwenzako wa kazini ana shangazi, jirani ana kaka anayefanya kazi bandarini. Mwombe apite aone. Akikosekana, mwambie mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa mlangoni, afungue mfereji, atoke barabarani akuonyeshe duka la jirani. Anayekuharakisha kwa kukutajia wageni wengine, mwache awapate hao wageni. Na picha nzuri kupita bei yake ni onyo.

Aliyetuokoa ni dereva wa mojawapo ya magari yale. Alitupeleka kwenye nyumba ya wageni ya kawaida tu, safi, ina vyandarua na feni. Vyumba vitatu, 2,500 kila kimoja. Asubuhi yake mama mwenye nyumba ile akatuunganisha na mtu wa ukoo wake mwenye nyumba ya vyumba vitatu Bamburi, 9,000 kwa usiku, nasi tukalipa baada ya kuingia na kufungua kila mlango. Vyandarua msivipuuze. Sisi wa Nairobi tumezoea baridi, tunasahau kwamba Pwani malaria ipo na miili yetu haijaizoea.

Jumapili nilitaka kufidia siku iliyopotea, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko ile 15,000. Nilikuwa na orodha kwenye simu: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, bustani ya wanyama ya Haller Park, vyote kwa siku moja. Tulifika ngomeni karibu saa sita mchana, Desemba, jua la kaskazi utosini.

Ngome yenyewe ina mengi ya kuona, na watoto wakubwa hawakutaka kutoka. Mwongozaji aliwaeleza kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, kwa umbo la mtu aliyelala chali: kichwa, mikono na miguu. Akawasimulia Waomani walivyoizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, watu ndani wakifa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Binti wa rafiki yangu aliuliza maswali mpaka mwongozaji akacheka. Waingereza waliigeuza gereza hadi 1958, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukiwa na watoto wa shule mlipe mwongozaji. Bila yeye watoto wataona mawe na mizinga tu.

Lakini mama alipanda ngazi mbili za kwanza na kwa ya tatu akashika ukuta. Nikamwambia, "Jikaze kidogo Mama, juu kuna upepo, utaiona bahari." Akajikaza. Alifika juu, akaiona, na sikuuona ule uso niliokuwa nimeungojea, kwa sababu alikuwa anatafuta pumzi. Nikampiga picha. Kwenye picha ile ametabasamu kwa midomo tu na mkono mmoja umeshika goti. Siipendi ile picha, na sijaifuta.

Haller Park hatukufika. Mji wa Kale tuliupita mbio, roshani za mbao na milango ya nakshi tukaitazama kama watu wanaotafuta choo. Mji ule unataka asubuhi yake peke yake, kwa miguu, baada ya mahamri na mbaazi, na kina mama wajitande leso kwa heshima ya wenyeji. Ngome nayo nendeni inapofunguliwa asubuhi, kabla jua halijakolea. Mzee atafutiwe kivuli na kiti akae huku vijana wakizunguka. Kitu kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mchana wote mlale. Wenyeji wenyewe ndivyo wanavyoishi na jua lile, na wanalijua kuliko sisi.

Usiku ule ndipo ya pesa yalipolipuka. Shemeji alikuwa amelipa chakula cha mchana hotelini karibu na ngome, sahani kumi, akarudi na risiti mkononi. Akauliza, bila ukali, nani anaandika haya matumizi. Hakuna aliyekuwa anaandika. Dada akasema wao wameshapita 40,000 yao. Rafiki yangu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na 6,000 akaziweka mezani. "Ndizo nilizo nazo," akasema. "Ungeniambia mapema kila mtu anatoa ngapi, ningejua kama nije au nisije. Sasa nakula kila kijiko nikijiona mzigo." Nikaenda jikoni nikalia, mfereji nimeufungua ili wasinisikie.

Mama ndiye aliyenifuata. Hakunibembeleza. Aliufunga mfereji, kwa kuwa hapendi maji yapotee bure, akasema, "Sokoni tulikuwa na kitabu. Hata wa shilingi kumi aliandikwa. Aliyeandikwa haoni haya."

Tulikaa mezani hadi saa tano usiku. Binti wa rafiki yangu akapewa daftari awe mwandishi, kwa kuwa hesabu zake ni nzuri na hana upande. Tukakubaliana vyakula vya hotelini basi, tutapika. Rafiki yangu ni mpishi hodari, akasema mchango wake uliobaki atautoa jikoni, na tangu hapo akawa mtu mwenye sauti katika safari ile. Kesho yake alfajiri walikwenda soko la Kongowea na dada, wakarudi na samaki, nazi, ndimu na mchicha. Mwenye nyumba akatuazima mbuzi ya kukunia nazi, watoto wakagombea zamu. Kwa siku tatu chakula cha watu kumi kilitugharimu chini ya tulizokula mezani kwa siku ile moja ya hoteli.

Kama mnakwenda pamoja, kaeni pamoja kabla hamjakata tiketi. Semeni takwimu kwa sauti. Asiye nazo aseme atatoa nini kingine, nalo liandikwe kama pesa. Tengeni pia akiba ya dharura ambayo haiguswi, sisi hatukuwa nayo.

Jumatatu tulikwenda ufuoni Bamburi. Saa tano asubuhi tukafika na taulo, maboya na mpira, na bahari haikuwepo. Ilikuwa imerudi mbali kabisa, mbele yetu mchanga, majani ya bahari na vidimbwi hadi kule mawimbi yanapopasukia mwambani. Watoto wakatoka mbio kuifuata. Dakika chache baadaye tukasikia kilio cha mpwa wangu. Alikuwa amekanyaga yule mnyama mweusi wa baharini, mviringo, mwenye miiba kama nungunungu. Nyayoni mwake mlikuwa na nukta nyeusi saba, miiba imekatikia ndani.

Tulikuwa tunataka kuichokoa kwa pini. Nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa akiziba boti yake pembeni akatuzuia, akamtuma kijana kuleta papai bichi. Akalikata, akapaka ule utomvu mweupe kwenye nyayo, akarudia tena na tena huku akimsimulia mtoto habari za pweza. Ndivyo wanavyotibiana wao. Jioni tulimpeleka kwenye zahanati hata hivyo, akasafishwa na kuangaliwa, na dawa pamoja na usafiri vikala 2,500. Wasiingie majini miguu mitupu watoto wenu, hasa maji yakiwa yamekupwa. Viatu vya mpira vya kufunga, kwa sababu kandambili humvuka mtoto.

Nahodha yule alinipa somo ambalo sikulipata katika semina zangu zote nne. "Dada, mmekuja saa ambayo bahari imekwenda zake," akaniambia. "Jana usiku hamkuuona mwezi? Mwezi mpevu, hili ni bamvua. Maji yapwa mbali, na yakijaa yajaa kweli. Rudini saa kumi, mtayakuta hapa mlipoweka viatu." Akaeleza kwamba maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujichelewesha karibu saa moja kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua; katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji sana. Mtu wa Pwani hapangi siku yake bila kuyajua hayo. Sisi tulikuwa tumepanga siku tano tukitazama saa ya ukutani. Siku hizi jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana kwenye simu, au muulize mvuvi yeyote bila kuona haya.

Tulirudi saa kumi. Maji yalikuwa pale pale. Mama alivua viatu mwenyewe, akakunja leso hadi magotini, akamshika nahodha mkono upande mmoja na mimi upande wa pili. Wimbi la kwanza lilimfika vifundoni. Akachota kwa kiganja, akaonja, akakunja uso, akasema, "Kweli ina chumvi. Walikuwa hawasemi uongo." Akakaa palepale ukingoni, maji yakija na kurudi yakichimba mchanga chini yake, asitake kunyanyuka hadi magharibi. Safari hii simu yangu ilibaki ndani ya mkoba.

Kuanzia hapo orodha niliifuta. Jumanne nikamuuliza mama anataka kwenda wapi, swali ambalo sikuwa nimemuuliza tangu Nairobi. Akasema feri. Nikashangaa, maana feri alikuwa akiiogopa. Aprili 1994 alikuwa sokoni redio ilipotangaza kuzama kwa feri ya Mtongwe, watu 272 wakafariki, na kwa miaka mingi akisikia neno feri hugusa kifua. "Ndiyo maana nataka kuiona," akasema.

Feri ya Likoni watu wa miguu hawalipi. Nawaambia wenye watoto wasiende asubuhi watu wakiingia kazini kisiwani, wala jioni wakirudi kusini. Umati ni mkubwa na wengine hukimbia. Tulikwenda saa nne, watu wamepungua. Kila mtu mzima alishika mtoto mmoja, mikoba mbele, simu ndani. Mtelemko wa kuingilia una unyevu na mteremko mkali kwa magoti, hivyo tulimngoja mama atangulie, sisi nyuma yake kama ukuta. Mlango ule wa chuma ukagonga saruji, watu wakamiminika na baiskeli, vikapu vya kuku, magodoro.

Mama alishika reli kwa mikono miwili, kama alivyoshika dirisha pale Kibwezi. Feri ikaachia. Kulia kwetu meli ya makontena ilikuwa inangoja njia, kubwa kuliko jengo lolote la Umoja. Dakika chache tu tukagusa Likoni. Tulipotaka kushuka tutafute madafu, mama akauliza, "Hii inarudi?" Nikasema inarudi. "Basi turudi nayo." Tukarudi. Upande wa kisiwani akauliza tena. Tulivuka mara sita asubuhi ile, na katika safari iliyotugharimu jumla ya 121,500, zaidi ya makisio kwa 31,500, jambo alilolipenda mama kuliko yote halikuwa na bei.

Mara ya sita watoto walikuwa na njaa. Kutoka feri hadi bustani ya Mama Ngina ni karibu, lakini tulichukua tuktuk kwa ajili ya magoti. Tangu palipokarabatiwa 2019 pana viti, njia pana na ukuta wa kuegemea. Kwa mzee hapo ndipo ningeanzia safari nzima: kivuli kipo, upepo upo, vyoo viko karibu, na meli zote za Kilindini hupita mbele yako kana kwamba unakaguliwa gwaride. Nakumbuka jinsi mama alivyosimama ghafla aliposhuka. Hakutazama bahari. Alitazama miti. "Hii ni mibuyu," akasema. "Mibuyu ya kwetu imefika huku." Akaenda akaweka kiganja kwenye gome la mmoja mnene, akaupapasa kama anavyopapasa mgongo wa mtoto aliyepatwa na homa.

Muuzaji alipita na pakiti za mabuyu mekundu. Mama akanunua moja, akafyonza mbegu, akaitema kiganjani ikiwa imetoka rangi, akawaonyesha wajukuu. "Hii wametia sukari tu. Mimi nilikula nyeupe, kutoka mtini." Wakakaa wote watano kumzunguka kwenye ukuta ule akiwahadithia Kibwezi, habari ambazo hata mimi nilikuwa sijazisikia. Rafiki yangu na dada walikuwa wamekwenda kununua mihogo ya kuchoma. Shemeji alikuwa amelala kwenye nyasi, kofia usoni.

Mihogo ikaja ya moto, imepasuliwa katikati, imepakwa pilipili na ndimu. Mama alikuwa ametafuna kipande cha pili meli ile ya makontena ilipoingia kwenye mlango wa bahari, polepole, na ikapiga honi. Sauti ilitupitia vifuani. Mama akaacha kutafuna, akainua uso.

"Kumbe inalia kama treni ya usiku," akasema, akanyoosha mkono nimpe kipande kingine cha muhogo.